Si Lazima Uwe Steringi

Wasee, tuambiane ukweli. Tumelelewa tukiambiwa steringi hafi, ndiyo maana kila mtu anataka kuwa steringi. Wengine wote eti ni wa kujaza skrini.

Hebu mwangalieni Pete Postlethwaite. Mwingereza wa Warrington, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia uigizaji. Sura yake haikuwa ya bango. Lakini kwenye In the Name of the Father (1993) ni baba mpole anayefia jela bila kosa, na akateuliwa kuwania Oscar. The Usual Suspects (1995), wakili Kobayashi, baridi kama barafu. The Lost World (1997), mwindaji anayeitwa Tembo! The Constant Gardener (2005), muvi iliyopigwa hapa kwetu, Kibera hadi Loiyangalani, ni daktari anayekimbia dhambi zake. Mtu mmoja, watu wanne.

Sasa sisi? Majuzi nilienda kutafuta nafasi ya mistari mitatu tu. Swali la kwanza: "Una wafuasi wangapi?" Hakuna aliyetaka hata kunisikia nikiisoma. Halafu tunashangaa mbona drama zetu zimejaa sura nzuri na hakuna anayeaminika.

Na nyinyi mnaosema niliacha chuo nikakae nyuma ya wengine, sikieni. Postlethwaite alifariki Januari 2011. Mwaka wa 2010 alikuwa kwenye Inception, mgonjwa kitandani, dakika chache tu. Bila huyo mzee kitandani, hiyo hadithi haina moyo.

Nipeni dakika zangu chache. Bango mbaki nalo.