Mpimaji asiporudi kwenye kigingi cha kwanza, msimlipe

Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kupima mifereji na majaruba kabla mvua hazijaanza. Wanavikundi wa mpunga katika mabonde ya Matandu, Mavuji na Lukuledi, leo nasema na ninyi mnaochanga fedha kumkodi mpimaji.

Msimamo wangu ni huu: msilipe kazi ya kwenda tu. Mpimaji aanze kwenye kigingi cha kwanza, afike mwisho wa mfereji, kisha arudi akipima mpaka kigingi kilekile. Atawaambia kurudi ni kupoteza siku. Posho ya siku moja ni ndogo kuliko mfereji uliochimbwa wiki tatu halafu maji yakasimama katikati, na wenye majaruba ya mwisho wakaanza kugombana na wa juu.

Yapo mambo matatu ambayo hata asiyesoma upimaji anaweza kuyasimamia.

1. Darubini ikae katikati. Kila inaposimamishwa, umbali wa fimbo ya nyuma na ya mbele uwe sawa. Hesabuni hatua. Tuseme darubini imetikiswa kwenye bodaboda, sasa inakosea sentimita 1 kila mita 30. Ikikaa mita 10 kutoka fimbo ya nyuma na 40 kutoka ya mbele, kila kituo kinaongeza kosa la sentimita 1. Kilomita moja ina vituo 20, hivyo ni sentimita 20. Mfereji unaoshuka mita 1 kwa kilomita hushuka kiasi hicho katika mita 200! Darubini ikikaa katikati, kosa la nyuma na la mbele linafutana.

2. Abadilishe mpangilio wa kusoma. Kituo cha kwanza asome nyuma kisha mbele. Kinachofuata asome mbele kisha nyuma. Aendelee hivyo. Sababu ni udongo wetu: kwenye mchanga na kwenye mfinyanzi wa mabondeni, miguu ya darubini huzama taratibu kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Anayeanza nyuma kila mara anaona ardhi ya mbele iko juu kuliko ilivyo, na kosa linajumlishwa kituo hadi kituo. Akibadilisha, nusu ya vituo vinapandisha na nusu vinashusha. Haigharimu hata shilingi.

3. Wakati wa kurudi, asisimame palepale. Hapa wengi wanadanganyika. Akirudi kwa kusimamisha darubini sehemu zilezile alizosimama wakati wa kwenda, kosa la umbali linajificha: hesabu inafunga vizuri, kumbe mfereji hauko sawa. Asogeze vituo.

Akimaliza, mwambieni asome tofauti mbele ya kikundi. Kwa mfereji wa kilomita 1, yaani kilomita 2 kwenda na kurudi, mimi nasema ikizidi sentimita 3 kazi irudiwe. Apime asubuhi, kwa sababu jua kali hutetemesha namba kwenye fimbo.

Na kigingi cha kwanza kisiwe mti uliochomekwa kando ya mto. Tuliona mafuriko ya Januari 2020 hapa Kilwa, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga. Maji ya namna hiyo hayaachi mti. Tumieni zege au msingi wa jengo imara, ili mwakani mpime tena kuanzia hapohapo.

Ninyi wa ufuta mnaopima makinga maji kwa fremu A, kanuni ni ileile. Fremu yenye mguu mmoja mrefu kwa milimita 5, mkiisogeza bila kuigeuza, kwa hatua 50 za mita 2 inawapoteza sentimita 25. Mguu wa mbele ubaki ardhini, wa nyuma uzungushwe upite mbele, hivyo kila hatua miguu inapokezana.

Kabla ya kutia sahihi malipo, ombeni daftari la vipimo. Namba ya kuanzia na ya kurudia zionekane zote mbili. Likiwa na safari moja tu, kazi haijaisha.