Nani Alisema Ina Laana?

Mwezi uliopita niliuawa na ngoma. Tulikuwa wanne chumbani kwa rafiki, na madaftari, karanga, soda zilizokwisha kupoa ladha, na lile dadu la pande ishirini tunaloligombania kana kwamba lina upendeleo. Mwendesha mchezo, anayejua kwamba kwetu ni Kyerwa, alikuwa ameniandalia zawadi: magofu ya ufalme wa kale kando ya maziwa, kaburi la mfalme, na ndani ya kaburi ngoma ndogo. Mhusika wangu akainyanyua. Nikarusha dadu, likaonyesha nne. "Pole sana, ina laana," akasema. Viganja vikanata kwenye ngozi ya ngoma, damu ikaanza kukauka, na baada ya zamu tatu nikawa marehemu. Wenzangu waliifunga ngoma kwenye blanketi wakaenda kuiuza mjini kwa vipande elfu tano vya dhahabu.

Usiku ule nilicheka nao. Hasira ilinijia kesho yake, kwenye daladala, na bado haijaisha.

Ngoma kama ile si ya kubuni. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakakaribishwa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anaeleza jinsi Rumanyika alivyomsimulia namna alivyoupata ufalme. Baba yao, Ndagara, alipofariki, ndugu watatu walidai kiti. Wakuu wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa, nayo ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu wawili walihangaika nayo wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole cha mwisho. Kulikuwa na jaribio jingine pia: mrithi aliketishwa mahali fulani, na ardhi ikainuka naye kama darubini inayovutwa, juu, juu kabisa. Akikubaliwa, inamshusha taratibu. Akikataliwa, inabomoka.

Nawauliza ninyi mnaotunga michezo: kwa nini hiyo ya darubini hamjaiiba?

Lakini turudi kwenye ngoma. Haikaushi damu ya mtu wala hainati mikononi. Inakataa tu kunyanyuka. Asiyestahili anarudi nyumbani na aibu yake na mikono yake yote miwili. Kwa lugha yetu engoma ni ngoma, na engoma hiyohiyo ni utawala, kwa hiyo kuinyanyua mbele ya wakuu lilikuwa suala la sheria: nani atawale, nani ashuhudie, nani akubali. Ukiiondoa kwa wale wakuu waliokaa wakitazama, unabaki na mti na ngozi.

Sisemi mambo yalikuwa safi. Anayetusimulia habari za ngoma ni yuleyule aliyeinyanyua, na nimesoma siasa za kutosha kujua kwamba waliotia dawa walikuwa na mtu wao. Ndugu mmoja, Rogero, hakuyakubali matokeo, akapigana, na ikabidi Rumanyika apate msaada kutoka nje kupitia mfanyabiashara Musa Mzuri. Sawa. Huo ni uchaguzi wenye malalamiko, kitu tunachokifahamu vizuri sana. Bado si laana.

Laana ya kwenye michezo ina utaratibu wake. Tangu Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, kitu chenye laana kwa kawaida hujificha: unakivaa ukidhani ni kizuri, kisha hakivuki mpaka upate mtu wa kuiondoa laana. Katika kitabu chao cha mwaka 2017, Tomb of Annihilation, wasafiri wanapelekwa Chult, nchi ya misitu iliyochorwa kwa kuiangalia Afrika, na huko kuna kaburi la miungu tisa. Ukichukua kifaa cha mungu mmojawapo, roho yake inakuingia na kukupa uwezo pamoja na kasoro ya tabia. Nakiri ni mchezo mtamu, nimeucheza mpaka alfajiri. Ila angalia nani hayupo kaburini: mwenye kitu. Mji umekuwa magofu, hakuna wa kuombwa ruhusa, na swali pekee lililobaki ni kama dadu lako litakuokoa. Ukishasema kitu kina laana, anayekibeba si mwizi tena, ni shujaa aliyehatarisha maisha. Leo baadhi ya vifaa vya kifalme vya Karagwe viko kwenye makumbusho ya Ujerumani, na sijasikia mtunzaji yeyote aliyenata viganja.

Ningeishia hapo kama tatizo lingekuwa Wamarekani na madadu yao. Sisi ni wabaya zaidi.

Bibi yangu alikuwa na nyundo. Usiwaze nyundo ya fundi seremala. Hii ilikuwa kipande cha chuma kizito kisicho na mpini, chembamba upande wa kushikia, kinene chini, kilichotoka kwa babu wa babu aliyekuwa mhunzi. Magharibi ya Ziwa Viktoria chuma kiliyeyushwa miaka karibu elfu mbili iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science mwaka 1978, na wahunzi wazee ndio waliowaonyesha kazi ilivyofanyika. Nyundo ya bibi ilikaa chini ya kitanda. Alipofariki ukaja mkutano wa maombi, akaja na mhubiri wa kualikwa, na ikajulikana kwamba shangazi zangu wawili hawajaolewa kwa sababu ya chuma kile. Kina laana.

Nilipopata likizo nilimuuliza baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa. Ile nyundo ya bibi iko wapi?"

"Marahaba. Tuliitoa."

"Mlimpa nani?"

"Wale wa chuma chakavu. Ilipimwa Omurushaka, ikapata kilo mbili na kitu."

Nilimuuliza kama bibi aliwahi kusema ina laana. Akafikiri kwa muda mrefu, kwa haki. Akasema hapana, bibi alisema tu isishikwe na mtu mwenye hasira, na isiuzwe. Maneno mawili mafupi ya matumizi, kama yale yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa. Fedha walizopata hazikutosha hata nauli yangu ya kurudi chuoni. Shangazi hawajaolewa mpaka leo, na mmoja wao ananiambia hajawahi kutaka.

Simlaumu baba mkubwa peke yake. Mtoto wa kidato cha pili pale Kayanga anaijua Asgard kutoka sinema, anajua nyundo ya Thor hainyanyuliwi na asiyestahili, na anaona ni jambo la kusisimua sana. Mwambie kwamba Bweranyange palikuwa na mfalme aliyesimulia jambo kama hilo, atakuuliza kama si uchawi. Nimejaribu. Ameuliza.

Kwa hiyo nimeomba zamu ya kuendesha mchezo. Nimewapa wenzangu ngoma ileile, uzito wa unyoya, imewekwa juu ya mkeka, mchana kweupe, katikati ya kijiji chenye watu. Hakuna dadu linaloweza kuinyanyua, hata ishirini haitoshi. Wanaotaka kuigusa wakae chini kwanza waongee na wazee, na wazee nimewaandikia majina, madeni, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ya migomba. Huu ni usiku wa tatu. Mmoja kaanza kujifunza nani ni mkwe wa nani. Mwingine ameshaniuliza mara mbili kijiji kina walinzi wangapi.