Watoto wa Mbwa Hawachezi Namna Moja



Kila mtu hapa masomoni anajua habari ya wale mbwa watatu wadogo. Wawili walizaliwa na mbwa jike wa sentineli, nyuma ya depo ya maharagi. Wa tatu ni berje wa Ujerumani, ambaye mfanyabiashara mmoja alimpa Baba Prefe ili akikomaa alinde shule. Usiku ule viti 4 vya refektwari vilipoibiwa, hakuna hata mmoja aliyelia. Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Katika mkutano wa komiti ya wanafunzi wengi walisema: berje abaki, juu ni mbwa wa maana, wale wawili wa sentineli wafukuzwe. Mmoja alisema hivi: "Ile ni imbwa ya basenji tu, iko bubu, haina kazi." Wote wakacheka. Jumamosi komiti itapeleka shauri hilo kwa Direkta wa Disiplini.

Mimi ni kapita wenu, nami siku ile nilinyamaza. Leo ninasema.

Kwanza, wale mbwa wana miezi miwili na nusu. Nani kati yetu alilinda lupango ya baba yake akiwa angali anajifunza kutembea? Mnadai kwa watoto kazi ya watu wazima, kisha mnawahukumu.

Pili, mnawahukumu kwa michezo yao, lakini hamuelewi michezo hiyo. Mimi nimewaangalia kila jioni baada ya kazi ya mikono. Yule berje, akiona watoto wa mwaka wa kwanza wanakimbia kwenda darasani, anawafuata mbio, anawazunguka, anawashika visigino kwa meno. Wasichana wanapiga kelele: "Itatumaliza!" Lakini ulizeni kwanza babu zake walifanya kazi gani. Walikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Mwaka wa 1899, huko Ujerumani, bwana mmoja, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kukuza aina hiyo, na hata jina la berje maana yake ni mchungaji. Sasa mtoto wake hana kondoo hapa. Ana mwaka wa kwanza tu, basi anachunga mwaka wa kwanza.

Wale wawili wa sentineli wanacheza namna nyingine. Ukiwaita, hawaji mara moja. Wanakaa mbali wanakutazama. Kisha wanavizia kimya katika majani, wanarukiana, wanakimbia sana, wanapanda hata juu ya dirisha la depo, wanachimba mashimo ya panya. Huo ni mchezo wa mwindaji. Sisemi kwamba mama yao ana karatasi ya ukoo, lakini tazameni masikio yake yaliyosimama na mkia wake uliojikunja. Mbwa wa namna hii waliwinda pamoja na babu zetu katika pori la Kongo, na mwindaji aliwafunga kengele shingoni ili ajue wako wapi, juu hawabweki ovyo. Si bubu. Wana sauti yao, sawa mtu anayeimba, na wanaweza kunguruma na kulia. Wazungu waliwapenda. Mwaka wa 1937 walionyeshwa Uingereza, na mwaka wa 1987 na 1988 Waamerika walikuja tena mpaka hapa, wakati inchi ilipoitwa Zaire, kutafuta wengine. Na jina walilowapa ni lipi? Basenji! Lile neno ambalo ninyi mnalitumia kwa kutukana, wengine wanalipia pesa nyingi.

Tatu, jambo hili limechunguzwa na watu wa elimu. Huko Bar Harbor, Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller walikuza watoto wa mbwa wa aina 5 kwa miaka mingi, mahali pamoja, kwa malezi yaleyale. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1965. Mmoja wa aina zile 5 alikuwa basenji wetu. Waliona nini? Watoto wa foksi teria waligombana sana, hata kikundi kikamshambulia mwenzao mmoja mpaka ikabidi kuwatenga. Watoto wa koka spanieli walikuwa wapole zaidi. Wakifungwa kamba shingoni, bigo walilia sana, nao basenji walishindana na kamba. Na watoto wa basenji, wakiwa na majuma 5, waliogopa watu, walikimbia, waliuma wakishikwa. Mtu wa haraka angesema: hawa ni wabaya, watupwe. Lakini waliposhikwa kila siku kwa upole, walizoea watu upesi. Waliona tena kwamba wakati mkubwa wa mtoto wa mbwa kujifunza kuishi na watu ni kati ya juma la 3 na juma la 12.

Hesabuni sasa. Miezi miwili na nusu ni kama majuma 10 ao 11. Maana yake dirisha hilo lingali wazi, lakini linafungwa mbele ya macho yetu. Yale tutakayowafanyia siku hizi chache, watayabeba maisha yao yote. Kwa hiyo ninaandika leo, singoji mwisho wa trimestre.

Hapa ninapaswa kusema kosa langu mwenyewe. Juma mbili zilizopita berje alipasua suruali yangu ya uniforme akicheza. Nilivua mukaba nikampiga mbele ya wadogo, na wengine walinipigia makofi. Tangu siku ile, akiona kijana mwenye suruali ya bluu, anajificha chini ya karavati ya sentineli. Jana alimwonyesha meno kijana wa mwaka wa pili ambaye hakumtendea neno. Mtasema: "Berje ni wakali, ndiyo kabila yao." Hapana. Ukali ule si wa kabila. Nilimfundisha mimi.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka wa 2022 watu wa elimu huko Marekani walitoa uchunguzi juu ya mbwa zaidi ya 18,000. Walikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza karibu 9 kwa mia tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Basi aina ina neno lake, siwezi kulikana, nimetoka kulieleza. Lakini neno lake ni dogo kuliko tunavyofikiri. Hata wale wawili wa sentineli, mama mmoja, siku moja, hawafanani: mwenye doa jeupe anakuja akiitwa, ndugu yake hapana.

Tena mbwa ni mnyama ambaye watu walichagua wazazi wake kwa makusudi, vizazi na vizazi. Kama hata kwake aina haitoshi kumjua, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema mu interna: "Wa kabila fulani ni wezi, wa kabila fulani ni wakali"? Mtu si mbwa. Ninawaomba mufikiri juu ya jambo hili kabla ya kulala.

Basi, haya ndiyo mapendekezo yangu kwa komiti na kwa Direkta. Mbwa wote watatu wabaki mpaka mwisho wa trimestre. Mtu asiwatupie mawe. Berje apewe mpira wa vitambaa wa kufukuza, na akiuma, mchezo usimame palepale, mtu aondoke bila kumpiga, ataelewa. Wale wawili wasifukuzwe mbio ili washikwe. Mtu akae chini, angoje, waje wenyewe. Watoto wa mwaka wa kwanza wasikimbie mbele yao. Wakifika miezi mitatu, wadungwe shindano la raje, ni kusema kichaa cha mbwa. Na mwanafunzi akiumwa, hata kidogo, aoshe kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Hapo hakuna mchezo.

Mimi mwenyewe nitakaa karibu na karavati ya sentineli kila jioni, nimevaa suruali ya bluu, mpaka yule berje atoke. Anayetaka kunisaidia, aje. Asiyekubaliana nami, aandike katika gazeti lijalo, lakini akae kwanza jioni moja nyuma ya depo, aone kwa macho yake.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa sita