Mombasa Imekumbuka Meli, Imesahau Ndege

Kila muhula mabasi ya shule huteremsha wanafunzi mbele ya Fort Jesus, ukingoni mwa Mji wa Kale. Ndani ya ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, vijana huonyeshwa mizinga, vyombo vya kale na masalia ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na kufukuliwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mwanafunzi akiuliza ni wapi atakapoiona historia ya usafiri wa anga wa mji huu, mwalimu wake hana pa kumpeleka.

Je, ni kwa sababu historia hiyo haipo? La hasha! Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways lilipoanza kusafirisha barua na abiria kutoka Uingereza hadi Durban kwa ndege za kutua majini, Mombasa ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, baada ya Kisumu na kabla ya Dar es Salaam. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walikipanua kiwanja cha Port Reitz, na ndege za Waingereza zikawa zikiruka kutoka hapo kuzisaka nyambizi za Wajapani. Kiwanja hicho ndicho kilichokuja kuwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi.

Ushahidi wa mambo hayo uko wapi? Ndege za majini za aina ile zilikuwa 42. Hakuna hata moja iliyobaki duniani. Hata Uingereza, yenye majumba mengi ya kuhifadhi ndege, ilizipoteza zote. East African Airways nayo, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Ndege ya mwisho kabisa ya aina ya VC10 kuundwa ilikabidhiwa shirika hilo letu mwaka 1970. Baadaye ilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, ikageuzwa kuwa ya kuzijaza ndege nyingine mafuta angani, na ilipostaafu Septemba 2013 ikahifadhiwa Dunsfold, Uingereza, chini ya Jumba la Makumbusho la Brooklands. Mali ya Waafrika Mashariki ikapata mtunzaji ugenini.

Wapo watakaosema kwamba ndege ni kubwa, gharama ni nyingi, na shule zetu zina upungufu wa madawati. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayedai VC10 iegeshwe uwanjani Makadara. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971 kwa kuwa watu waliona mbele, wakaweka kando magarimoshi makuukuu badala ya kuyauza yote kama vyuma chakavu. Kwa kuanzia, chumba kimoja kinatosha katika Mahakama ya Zamani, jengo la mwaka 1902 lililo jirani na Fort Jesus na chini ya Makumbusho ya Taifa. Humo viwekwe rafadha, injini iliyopasuliwa ili mitambo yake ionekane, kiti cha rubani, sare, tiketi na picha. Mwalimu wa fizikia atafundisha jinsi bawa linavyobebwa na hewa. Wa jiografia atafuata njia ya mwaka 1937 kwenye ramani. Wa historia ataeleza jinsi vita vya mbali vilivyofika Port Reitz.

Walimu wenzangu, kazi moja haingoji bajeti ya serikali. Wazee waliokuwa mafundi, wachukuzi, makarani na wapishi wa viwanja vya ndege wangali wakiishi Mji wa Kale, Majengo na Changamwe, na kila mwaka wanapungua. Wanafunzi watumwe kwao na daftari, waulize, waandike, wanakili picha zilizomo masandukuni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Meli ya Wareno ilingoja chini ya bahari karibu miaka 300 hadi ikafukuliwa. Ndege ikishakatwakatwa na kuyeyushwa, haitakuwako ya kufukua.