Jeneza Lililokuwa Kubwa Mno

Nianze kwa kukiri kosa. Mpwa wangu, ambaye anaishi na kufanya kazi katika mji wa Turin, kaskazini mwa Italia, alipotuarifu mimi na Mama Zuhura kwamba amekwisha kumlipa mtu atutembeze sisi watatu peke yetu ndani ya jumba la makumbusho ya Misri ya kale, nilinuna. Nilikuwa mgeni nyumbani kwake, kwa hiyo nilinuna kimyakimya. Lakini moyoni nilijiuliza: mtu mwenye macho yake mawili alipe fedha ili aonyeshwe nini? Tiketi ya mlangoni haitoshi?

Mama Zuhura naye alikuwa na lake. Alisema yuko tayari kutazama masanamu, vyungu na mawe, bali chumba cha maiti hataingia. Sisi tuliokulia mwambao tulitishwa utotoni kwa jina la mumiani, na yeye jina hilo halijamtoka mwilini hata leo. Wala hofu hiyo haikuzuka bure. Neno lenyewe limetoka kwa Waajemi, waliokuwa wakiita hivyo lami nyeusi iliyotumiwa kama dawa. Baadaye watu wakadhani kuwa maiti za Wamisri zilipakwa lami hiyo hiyo, na kwa karne nyingi wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti zilizosagwa, na wagonjwa wakaunywa. Kwa hiyo anayemwogopa mumiani asichekwe upesi.

Jumba hilo liko katikati ya mji, katika jengo la karne ya 17. Lilianzishwa mwaka 1824, wakati mfalme wa Sardinia aliponunua hazina ya maelfu ya vitu vya kale kutoka kwa Bernardino Drovetti, mzaliwa wa sehemu hizo aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa huko Misri. Halikuwapo kabla yake jumba lolote duniani lililowekwa kwa ajili ya Misri ya kale peke yake. Leo lina vitu vipatavyo 40,000. Mtu akisimama dakika moja tu mbele ya kila kimoja, usiku na mchana bila kulala, atahitaji karibu mwezi mzima.

Kiongozi wetu alikuwa bibi wa makamo, mwenye miwani na daftari dogo mkononi. Alizungumza Kitaliano na mpwa wangu akatafsiri, hivyo kila sentensi ilipita midomo miwili kabla ya kutufikia. Nilitazamia aanze na tarehe za wafalme. Badala yake alituuliza tunafanya kazi gani.

Nikamjibu kwamba kabla kalamu haijaniharibu mikono nilikuwa fundi seremala. Mama Zuhura akasema yeye ni mshonaji, na cherehani yake ndiyo iliyosomesha watoto wetu wanne. Yule bibi akafikiri kidogo, akafunga daftari, akasema: "Basi nyinyi sitawapeleka kwa wafalme. Nitawapeleka kwa fundi mwenzenu."

Kwa kweli tuliwapita wafalme kama watu wanaokimbilia gari moshi. Ramesesi wa Pili, ambaye sanamu yake nyeusi ni mojawapo ya fahari za jumba lile, tulimsalimu kwa macho tu. Ndipo nilipoanza kufahamu fedha za mpwa wangu zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa mtu aliyejua kipi tukiache.

Fundi mwenyewe aliitwa Kha. Aliishi yapata mwaka 1400 kabla ya Kristo, katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto Naili, upande wa magharibi wa mji ambao leo huitwa Luxor. Kijiji hicho sasa chajulikana kwa jina la Deir el-Medina. Kilikuwa cha mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme katika bonde la jirani: wachonga mawe, wachoraji, waandishi, pamoja na wake na watoto wao. Kha alikuwa mnyapara wa kazi, akatumikia wafalme watatu mmoja baada ya mwingine. Kaburi lake na la mkewe Merit liligunduliwa mwezi Februari mwaka 1906 na Ernesto Schiaparelli, aliyekuwa mkuu wa jumba hili la Turin. Wezi walikuwa hawajalifikia. Vitu zaidi ya 400 vilikuwa humo, kila kimoja mahali kilipowekwa siku ya maziko.

Nikaonyeshwa dhiraa ya Kha. Ni kipimo cha mbao chenye urefu wa kama sentimita 52, nacho kimetengenezwa kwa bawaba ili kikunjwe na kutiwa mfukoni, sawasawa na futi ya kukunja niliyoitumia mimi kwa miaka mingi. Iko na dhiraa nyingine iliyovikwa dhahabu, zawadi ya mfalme, lakini hiyo haikunigusa. Dhiraa ya dhahabu haipimi kitu. Ile ya mbao ndiyo iliyokwenda kazini.

Kisha nikaviona viti. Kuna kigoda cha kukunja ambacho miguu yake imechongwa kama vichwa vya mabata, na kiti cha kuegemea chenye jina la Kha. Nilikitazama sana kile kiti, maana kwa mbali nilidhani kimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu na mpingo. Nilipokaribia nikaona ni rangi tu! Fundi aliigiza kwa brashi mapambo ambayo mfuko haukuyamudu. Nilicheka peke yangu. Ni mara ngapi mimi mwenyewe nimepaka mti hafifu rangi ya mninga kwa sababu mteja alitaka kabati la kitajiri kwa fedha za kimaskini?

Mama Zuhura hakuwa na habari na viti. Alikuwa ameinama juu ya kioo cha nguo. Kha alizikwa na nguo za ndani za kitani kama 50, za pembe tatu, zimekunjwa vizuri, na kanzu nzito za majira ya baridi na nyepesi za joto. Nyingi zimetiwa alama ya mwenyewe, zisije zikachanganyika na za watu kwa dobi. Mke wangu aliifuata mishono kwa kidole juu ya kioo mpaka mlinzi akakohoa. Alisema mshono ule ameufanya yeye mwenyewe, kwa mkono, kabla ya kupata cherehani.

Halafu akainua kichwa akauliza: "Na nguo za mkewe ziko wapi?"

Mpwa wangu alitafsiri. Yule bibi akatabasamu kama mwalimu aliyekuwa akilingojea swali hilo. Akajibu kwamba ndani ya kaburi lile vitu vya Kha ni vingi mara kadhaa kuliko vya Merit. Merit ana kabati la mbao lenye nywele zake za bandia, zilizosukwa kwa nywele za binadamu na zingali ziking'aa. Ana sanduku la urembo lenye chupa za mafuta na wanja. Ana kitanda chake, kimetandikwa shuka. Mengine karibu yote ni ya mume: dhiraa, viti, kanzu, hata bao la mchezo wake.

"Ehe," alisema Mama Zuhura, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyepanga lile kaburi.

Hapa kiongozi wetu alitukalisha kwenye benchi, akatusimulia habari za kijiji chenyewe. Nitaeleza kidogo tu, ingawa naona wasomaji wangu wa viwandani na bandarini wangependa niendelee mpaka kesho. Mafundi wale walifanya kazi siku 8 na kupumzika 2. Mwandishi aliweka orodha ya wasiofika kazini na sababu zao, na kipande cha jiwe chenye orodha kama hiyo kimehifadhiwa London: huyu ameumwa na nge, huyu anatengeneza pombe, huyu anaivisha sanda maiti ya mama yake. Mshahara ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida alipata kila mwezi magunia 4 ya ngano ya kuoka mkate, na gunia 1 na nusu la shayiri ya kutengeneza pombe. Gunia lao lilikuwa na ujazo wa kama lita 76.

Zaidi ya miaka 200 baada ya Kha, wajukuu wa kijiji kile walicheleweshewa nafaka. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesesi wa Tatu, yapata mwaka 1157 kabla ya Kristo. Siku ya 10 ya mwezi, waliweka vyombo chini, wakazivuka kuta za ulinzi na kwenda kuketi nyuma ya hekalu. Wakubwa wakaja kuwabembeleza warudi. Wakajibu kwamba njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta pale, kwamba hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na kwamba mfalme apelekewe habari. Kesho yake walisogea hadi hekalu jingine. Mwishowe walilipwa malimbikizo, kisha wakacheleweshewa tena, nao wakagoma tena. Karatasi ya mafunjo iliyoandikwa mambo hayo ni mali ya jumba hili la Turin, nayo ni habari ya zamani kuliko zote zijulikanazo za mgomo wa wafanyakazi. Mpwa wangu, ambaye ameishi mji huu wa viwanda vya magari kwa miaka mingi bila kuingia humo, alitafsiri sehemu hiyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tulipoinuka, ilibaki kona ya majeneza. Mama Zuhura akasimama.

"Bibi," alimwambia kiongozi, "watu hawa walijifungia mlango wao. Nani aliwapa ruhusa ya kuwatoa?"

Nilitaka kumvuta kanga. Lakini yule bibi hakuudhika. Alisema ruhusa ilitolewa na idara ya mambo ya kale ya Misri, na siku zile idara hiyo iliongozwa na Mfaransa, na nchi yenyewe ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Uingereza tangu mwaka 1882. Kwa desturi ya wakati ule vilivyochimbwa viligawanywa, na sehemu kubwa ya vitu vya kaburi hili ikaja Turin. "Hiyo ndiyo ruhusa," alisema. "Kha na Merit hawakuulizwa." Akaongeza kwamba hata hivyo maiti hizo mbili hazijafunguliwa sanda zao kamwe. Schiaparelli hakuzifungua, wala waliomfuata. Mwaka 1966 zilipigwa picha za eksirei, na baadaye zikapimwa kwa mitambo mipya zaidi, ndipo vito vya dhahabu vikaonekana juu ya shingo zao, chini ya vitambaa ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Basi wamebakiza adabu kidogo," alisema Mama Zuhura. Akaingia.

Majeneza ya Kha ni mawili yenye umbo la mtu, moja ndani ya jingine, yaking'aa kwa dhahabu, yote ndani ya sanduku kubwa jeusi. La Merit ni moja tu. Mke wangu alianza kutikisa kichwa, maana hesabu ilikuwa inaendelea kuwa ile ile. Kiongozi akamwomba asome maandishi ya jeneza la Merit. Bila shaka hakuweza, kwa hiyo akasomewa. Jina lililoandikwa pale si la Merit. Ni la Kha.

Merit alitangulia kufa, bila kutazamiwa. Wanaokisia umri wake kwa mifupa humpa miaka kati ya 25 na 35. Hakuna aliyekuwa amemwandalia jeneza. Bali mumewe, mnyapara wa mafundi wa makaburi ya wafalme, alikuwa amekwisha kujichongeshea lake. Akampa hilo. Lilikuwa kubwa mno kwa mwili wa mwanamke yule, na ile nafasi iliyobaki ikajazwa vitambaa vya kitani. Vitambaa hivyo vina alama ya dobi ya Kha.

Mama Zuhura hakusema kitu. Alikaa pale muda mrefu hata kundi la watoto wa shule likaja, likamzunguka na kuondoka. Mimi nilijifanya natazama kiungo cha mbao. Kilikuwa kiungo kizuri, lakini siwezi kukieleza, kwa kuwa sikukiona.

Saa mbili tulizolipia zilikuwa zimekwisha zamani, wala kiongozi hakutazama saa yake. Tulipokuwa tukielekea mlangoni akatupa jambo la mwisho. Wachimbaji walipoingia kaburini mwaka 1906, alisema, walikuta majeneza yamefunikwa mashuka, na sakafu imefagiwa. Mtu wa mwisho kutoka, zaidi ya miaka 3,000 nyuma, alifagia nyayo zake kinyumenyume, kisha akafunga mlango.

"Ufagio wake uko wapi?" aliuliza Mama Zuhura.

Yule bibi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akafungua daftari lake dogo, akaliandika lile swali.