Vijana wa Laela na Kazi ya Kujitolea Mtandaoni

Kujitolea si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1967 kiasi cha thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 wasiojua walihesabiwa kuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao. Vijana waliomaliza darasa la saba walishika chaki wakawafundisha wakubwa wao.

Leo ipo kazi nyingine ya namna hiyo, nayo hufanywa kwa kompyuta. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umechora vijiji vya Tanzania katika ramani huru ya OpenStreetMap. Mtu aliyeko Ulaya hutazama picha ya setilaiti, akachora mapaa na njia. Lakini hajui paa lipi ni la zahanati na lipi ni la ghala la mahindi, wala hajui kama njia ya kuteremkia Bonde la Ziwa Rukwa hupitika masika. Ajuaye ni kijana wa kidato cha pili, mwenyeji wa mahali hapo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo huandikwa na watu wasiolipwa. Habari za Ufipa zitabaki haba endapo Wafipa wenyewe hawataziandika.

Kijana huyo afanyie wapi kazi hiyo? Umoja wa Mataifa una mpango wake wa kujitolea mtandaoni, ila humpokea mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Shuleni simu ni marufuku, na hatuoni ubaya wa amri hiyo. Nyumbani bando hushindana na chumvi na sabuni. Inabaki maktaba ya umma. Maktaba ya mkoa iko Sumbawanga mjini, na nauli ya kila Jumamosi kutoka Laela si mzaha. Laela ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Ofisi zilihamia huko. Hatuna budi kudai kwamba chumba cha maktaba chenye kompyuta za vijana kipewe nafasi miongoni mwao.

Wapo watakaosema watoto watacheza tu. Watacheza, kama hakuna mtu mzima chumbani. Ndiyo maana twataka maktaba, wala si kibanda cha intaneti: mkutubi anayejua nani ameketi wapi, mwalimu wa jiografia anayekagua majina ya mito na vitongoji kabla hayajatumwa, na mzazi aliyetia saini. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto; basi jina lake kamili, picha yake na shule yake visionekane mtandaoni. Wala asigeuzwe karani wa bure wa ofisi yoyote.

Halmashauri iandike kifungu cha chumba hicho katika bajeti ijayo, na ikubaliane na Bodi ya Huduma za Maktaba kuhusu mkutubi. Walimu wasingoje. Orodha ya vitongoji, visima na vivuko yaweza kuanza kuandikwa daftarini muhula huu, wazee wa vijiji wakaisahihisha.