Betri moja isibebeshwe kazi mbili

Mwandishi, hapo uliposema betri yoyote kubwa inatosha kuwasha gari na kuendesha friji pia, sikubaliani nawe. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi. Imetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha alteneta iirudishie chaji. Ukiiachia friji usiku kucha kambini Serengeti, tena na tena, sahani zinakufa hata kama maji ya betri unaongeza. Kwa friji na taa funga betri ya pili, ile ya sahani nene ambayo wengi huiita betri ya sola. Friji ya volti 12 inayovuta wastani wa ampea 3 hula ampea-saa 36 kwa saa 12, hivyo betri ya ampea-saa 100 inabaki juu ya nusu, na hapo ndipo inapodumu.

Lakini jamani, msiziunganishe betri hizo mbili moja kwa moja! Wekeni rilei ya kuzitenganisha injini ikizimwa, na fyuzi karibu na kila betri. Kwa barabara zetu za vumbi ningechagua betri ya aina ya AGM, inavumilia mtikisiko zaidi, mradi alteneta itoe volti 14.4 hivi. Na ikazwe vizuri kwenye kitako chake.